Nilipoteza miaka miwili Politekniki kabla ya kujua kusoma

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yalipotoka mwaka 2015, mama alinimwagia pauda kichwani mpaka nikapiga chafya. Barabara yetu huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, ilikuwa nyeupe, kila nyumba yenye mtoto aliyefaulu ina kelele zake. Nilikuwa nimepata asilimia 61 katika biolojia na kemia. Mtihani wa serikali unafaulu kuanzia 50, basi hiyo 61 nilitembea nayo kifua mbele. Jioni ile ile, pauda ingali kwenye nywele, baba aliniita barazani, akanisogezea kiti, akasema: "Mama, mwezi wa kumi unaingia Politekniki."

Baba huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Na akisema kwa sauti ile, haulizi. Anatoa habari: Politekniki, kitivo cha wahandisi.

Ili umwelewe baba, uujue kwanza mji wetu. Lubumbashi ilizaliwa 1910 kwa sababu ya shaba. Union Minière, kampuni ya madini, ilikuwa imetangulia, 1906, na mpaka leo ukiinua macho mjini unaliona lile bomba la moshi na mlima mweusi wa takataka za tanuri. Kampuni ikataifishwa 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1993 hazikufika hata 50,000. Baba aliishi ndani ya tarakimu hizo. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka kwa hiari mwaka 2003 na kidogo baadaye. Alichukua malipo yake ya kuondoka, akanunua mashine ya kusaga mahindi. Makampuni mapya yalipoanza kuja, aliowaona wakirudi kazini haraka ni wahandisi. Akafunga mjadala hapo: katika mji huu, mtu asiyelala njaa ni enjeniere.

Ningependa kusema nilibishana naye. Sikubishana. Neno lenyewe nililipenda. Nilijiona na kofia ngumu na koti la kung'aa, nikipita mbele ya wasichana tuliosoma nao. Hakuna hata mtu mmoja katika nyumba yetu aliyeuliza swali ambalo leo namuuliza kila kijana anayekuja kwangu: huko unakokwenda, mwaka wa kwanza watu wanasoma nini, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni?

Nimjibu msomaji papo hapo, maana mimi sikujibiwa. Mwaka wa kwanza Politekniki hakuna mashine. Hakuna mgodi. Kuna hesabu za uchambuzi, aljebra, fizikia, kemia, mekanika, na ile jiometri ya kuchora umbo kwa pande mbili huku unaliona kichwani kwa pande tatu. Anayetoka hesabu na fizikia sekondari anafika akiwa amekwisha kuonja mambo hayo. Sisi wa biolojia na kemia tulikuwa na saa chache zaidi za hesabu kwa wiki, na pengo hilo linaonekana mwezi wa kwanza tu. Si kwamba haliwezekani kuzibwa. Nimewaona waliolifunika. Lakini walijua kwamba lipo, wakalishughulikia tangu likizo. Mimi nilitumia likizo kushona nguo mbili za chuo.

Chuo sikitaji, kwa sababu kosa halikuwa la chuo. Kutoka Katuba nilipanda basi mpaka mjini, halafu basi la pili. Ukitaka kiti cha mbele kwenye oditoriamu, ufike kabla ya kupambazuka na kuacha kaye yako, daftari lako, mezani kama mlinzi. Tulikuwa wengi mno; wengine waliandika wakiwa wamekaa dirishani. Nilikuwa miongoni mwa wale wanaofika mapema. Hilo lilinidanganya sana. Niliamini kwamba anayefika mapema na kuandika kila neno anasoma.

Kaye zangu zilikuwa nzuri. Wenzangu walizikopa kwenda kupiga fotokopi. Fomula kwa kalamu ya biki nyekundu, maelezo kwa bluu, mifano ndani ya visanduku vilivyopigwa rula. Jioni nilirudia mifano ile ile iliyokwisha kutatuliwa na asistenti, nikiifuata mstari kwa mstari, nikitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, naelewa. Usiku wa kuamkia mitihani tulibloke, kama tunavyosema, mpaka saa kumi alfajiri, miguu ndani ya beseni la maji baridi usingizi usije.

Intero ya kwanza ya uchambuzi, yaani jaribio la darasani, nilipata 3 kwa 20. Nikasema ni bahati mbaya. Ya pili nikapata 4.

Kumfuata mtu anayetatua si kutatua. Ukimwangalia dereva kwa mwaka mzima hutajua kuendesha. Sijui kwa nini jambo rahisi namna hiyo lilinichukua miaka miwili na pesa zote zile.

Na pesa, tuziongee. Ada ilihesabiwa kwa dola, mashine ya baba iliingiza faranga. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa kama faranga 930. Katikati ya 2017 ilikuwa imepita 1,500. Ada haikupanda hata senti moja, lakini baba alitakiwa kusaga mahindi mengi zaidi kuilipa. Juu yake weka mabasi manne kwa siku, silabusi ambazo ilibidi kuzinunua, fotokopi, karatasi kubwa za kuchorea, na wali wa mchana ambao mara nyingi niliuacha. Mama aliuza pagne zake mbili za akiba, vitenge vyake. Hakuniambia, nilifungua sanduku lake siku moja kutafuta sindano.

Mwaka wa kwanza nilishindwa, nikarudia. Nikarudia pia makosa yale yale, sasa kwa bidii zaidi. Nilinunua hata biki ya kijani. Mwezi wa tisa 2017 orodha ikabandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo ambao kila aliyesoma Kongo anaujua kwa hofu. Nilipenya katikati ya watu, nikaweka kidole kwenye jina langu, nikalifuata mpaka mwisho wa mstari. NAF. Maana yake hukubaliwi kuendelea katika tawi hilo. Nyuma yangu kijana mmoja alikuwa anaimba kwa furaha. Nilikaa kwenye ngazi mpaka jua likazama, nikipanga uongo wa kumwambia baba, na kila uongo nilioupanga ulikuwa mbaya kuliko habari yenyewe.

Nilimwambia ukweli kwa neno moja. Hakugombeza. Alizima redio, akaingia kulala saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo nililia.

Mwaka uliofuata niliuza unga na mama soko ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Miezi mitatu ya kwanza nilijifunika kitambaa nikiona mtu wa chuo anapita. Baadaye nikachoka kujificha. Unga wa mahindi huku kwetu tunapima kwa meka, kopo la kupimia, na mkono wangu ukazoea: unachota, unapiga kidogo ukingoni, unaongeza matabishi, ile nyongeza ya bure ya mteja, unamimina. Nilianza kuandika kwenye kaye ya zamani ya fizikia tunanunua gunia bei gani, linatoa meka ngapi, tunabaki na nini. Nikagundua kwamba hesabu hazinichukii. Zilinichukia zilipokuwa mapambo.

Mwezi wa nne yaya mmoja (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), mtoto wa mama mkubwa, alipita kununua. Anafanya kazi ya kuchambua madini katika maabara ndogo. Akaniuliza nafanya nini siku hizi, nikamwonyesha meka. Akasema njoo Jumamosi, nitaomba ruhusa, uone tunavyoishi.

Jumamosi ile ndiyo iliyobadilisha mambo. Alichukua unga wa kijani wa malakiti, jiwe lenye shaba, akaurundika, akaugawa mafungu manne, akatupa mawili yanayokabiliana, akachanganya tena mawili yaliyobaki, akagawa tena. Akaniambia ukikosea hapa, hata mashine ya bei gani haitakuokoa, maana utapima vizuri kitu kisicho chenyewe. Akapima gramu chache, akayeyusha kwa asidi chini ya kofia ya kuvuta moshi, akarekebisha uchachu, akaweka kitu cha kuzuia chuma kisilete fujo, halafu iodidi ya potasiamu. Maji yakageuka rangi ya chai iliyokolea. Akaanza kudondosha thiosulfati kutoka kwenye bomba la kioo, chai ikapauka. Akatia wanga kidogo, ikawa buluu nyeusi. Akaendelea tone, tone, tone, pumzi ameibana. Tone moja la mwisho na buluu yote ikatoweka, ikabaki nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. "Soma hapo," akasema. Nilisoma mililita. Kwa namba ile alijua ni kiasi gani cha shaba kimo katika mzigo mzima.

Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Jumanne yako inakuwaje? Unakaa au unasimama? Kinachokuchosha ni nini? Mshahara unachelewa? Waliomaliza nawe wako wapi? Akanijibu yote, hata yasiyopendeza: miguu inauma, harufu ya asidi inaingia kwenye nguo, zamu ya usiku ipo, mikataba mingi ni ya miezi michache inayorudishwa. Nilirudi nyumbani na miguu inayouma kweli, nikitamani Jumatatu ifike nirudi kule.

Hilo ndilo ninalowasihi vijana wafanye kabla ya kujiandikisha. Msimuulize profesa peke yake; mtafuteni mtu aliyemaliza miaka mitano iliyopita, kaeni naye siku moja nzima. Halafu ombeni orodha ya masomo ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza tu. Sekretarieti wanayo, asipokupa wa dirishani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu atakupa. Isome ukiwa na kalamu na uweke alama kwenye kila somo ambalo hukuliweza sekondari. Alama zikiwa nyingi, haimaanishi uache. Ni kazi ya likizo hiyo. Na kama ni chuo kipya kilichofunguliwa juzi kwenye nyumba ya kupanga, uliza mapema kama wizara inakitambua, kabla hujalipa, maana diploma isiyotambuliwa ni karatasi tu.

Nilijiandikisha kemia mwaka 2018. Baba alisaini bila kusema neno. Nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu, na wawili walinikumbuka kutoka Politekniki. Na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: kemia nayo ina hesabu na fizikia. Sikuzikimbia, nilikutana nazo tena mlangoni. Safari hii nilizipokea kwa namna nyingine.

Biki za rangi nilimpa mdogo wangu. Nilinunua rimu moja ya karatasi nyeupe, na kanuni yangu ikawa moja: jioni hiyo hiyo ya somo, kabla ya kula, nafunga kaye, nachukua karatasi tupu, naandika ninachokumbuka na kutatua swali moja bila kuangalia. Siku za kwanza karatasi ilibaki tupu. Aibu yake ni kubwa, hata ukiwa peke yako chumbani. Lakini aibu ya karatasi ni bei rahisi. Ya valve ni ghali. Nilipokwama ndipo nilifungua kaye, nikatazama mstari mmoja tu, nikafunga tena.

Umeme wa Katuba haupangwi, unakupanga. Niliacha kungoja jioni. Nililala saa tatu usiku na kuamka saa kumi alfajiri, na mara nyingi umeme ulikuwa umerudi saa hizo. Usipokuwapo, taa ndogo ya jua. Simu nilimwachia mama. Alilala nayo chini ya mto, na hakuna anayethubutu kuingiza mkono chini ya mto wa mama. Beseni la maji baridi sikulirudia kamwe. Mtu asiyelala anakumbuka mpaka mlangoni mwa chumba cha mtihani, basi.

Tulikuwa watatu katika kikundi. Tuliwahi kuwa saba, ikawa baraza la maongezi. Watatu inatosha: mmoja anaandika ubaoni, mmoja anapinga, mmoja anatafuta kwenye silabusi. Tulikusanya maswali ya mitihani ya miaka ya nyuma na kuyafanya kwa saa iliyopimwa, bila chai. Ubao wetu ulikuwa mlango wa chuma wa nyumba ya mwenzetu, kwa chokaa. Mvua ikinyesha somo limefutika.

Ila mwalimu wangu mkali alikuwa mama. Chuoni tunasoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinaweza kukuficha. Unasema "la mole", "la concentration", sentensi inapita vizuri, hata wewe mwenyewe unaamini. Jioni moja sokoni nilijaribu kumweleza mama moli ni nini, kwa Kiswahili, huku tunafunga mifuko. Nikamwambia: mama, chembe ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu moja moja, ndiyo maana tunazipima kwa kipimo, kama meka. Nilijisifu moyoni. Mama akafikiri, akasema: "Lakini meka ya mahindi na meka ya karanga, punje zake si sawa. Sasa kipimo chako kinasema nini?"

Nikanyamaza. Alikuwa amelipiga pale pale lilipo bovu. Meka inalinganisha nafasi, moli inalinganisha idadi. Nilikuwa nimefaulu sekondari, nimesoma miaka miwili Politekniki, na kitu hicho sikuwa nacho mkononi. Nilirudi kwenye kaye usiku ule. Kesho yake nikamletea plato ya mayai, ile trei yake: plato ya kuku ni mayai 30, plato ya bata ni mayai 30, idadi ile ile, uzito tofauti. Moli ni plato, ila badala ya 30 ni 6 yenye sifuri 23 nyuma yake, na kidogo. Mama akasema: "Hiyo sasa naelewa. Jana ulikuwa unaniuzia unga wenye mchanga."

Tangu hapo, somo lisilopita kwa mama sikulihesabu kuwa nimelisoma.

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, vikafunguliwa mwezi wa nane. Wengi walipoteza mdundo. Mimi nilikuwa na rimu ya karatasi na mama, sikuhitaji kingine. Kazi ya mwisho wa graduat, ile miaka mitatu ya kwanza ya mfumo wa zamani, ilinigharimu kuliko nilivyopanga: kuchapisha, kufunga nakala, kurudia kuchapisha baada ya marekebisho, na vinywaji vya siku ya kutetea, ambavyo hakuna karatasi inayovitaja lakini kila mtu anavingoja. Anzeni kuweka kando mapema, hata faranga mia tano kwa wiki. Nilimaliza lisansi, miaka miwili inayofuata graduat, 2023, kwa satisfaction, daraja la kawaida la kufaulu, si kwa distinction iliyo juu yake. Naandika hivyo kusudi mtu asidhani nilikuja kuwa wa ajabu.

Leo nasimama mbele ya bomba la kioo, kwa mikataba ya miezi sita sita, na miguu inauma kama yaya alivyosema. Baba bado ananitambulisha kwa majirani kama enjeniere. Nimeacha kumsahihisha.

Mdogo wangu yuko mwaka wa sita wa sekondari. Yeye atakuta mfumo mpya wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora: krediti 60 kwa mwaka, 30 kwa muhula, miaka mitatu ya lisansi halafu miwili ya masta, na somo ulilolikosa linakufuata na krediti zake. Anataka sheria. Nilipomuuliza kwa nini, alinionyesha picha ya joho jeusi kwenye simu. Nikajiona mimi na kofia yangu ngumu.

Sikumwambia lolote. Wiki iliyopita nilimpeleka mahakamani, maana kesi zinasikilizwa hadharani na mtu yeyote anaweza kukaa. Kesi ya kwanza iliahirishwa. Ya pili ikaahirishwa. Alianza kusinzia. Ya tatu ilikuwa ya wajane wawili na kiwanja kimoja, na wakili mmoja alisoma karatasi ndefu kwa sauti ya chini, ukurasa baada ya ukurasa, tarehe, mihuri, majina. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amenikopa biki na anaandika tarehe zile mgongoni mwa mkono wake.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na nyumbani akaniuliza: "Yaya, ile karatasi ya mwaka 1998 na ile ya 2006, ipi inashinda?" Nikamwambia sijui, amtafute anayejua. Alhamisi anarudi kule, peke yake.